Chai ya Asubuhi na Baba: Mwaka Jana Iliharibika, Safari Hii Tufanyeje?

BARUA

Washauri wetu, habari za kazi.

Tumezaliwa watano. Wanne tuko Tanga mjini na Muheza, kaka yetu wa pili yuko Muscat. Baba yetu alizaliwa 1953, akaingia reli mwaka 1973, akawa fundi mpaka alipostaafu. Ni mtu wa maneno machache. Ana kisukari, anatumia vidonge asubuhi na jioni, na siku hizi sikio limepungua kidogo.

Mwaka jana, ile Jumapili ya Siku ya Baba, tulitaka kumfurahisha. Kaka mkubwa alikodi muziki: spika mbili kubwa, kijana wa kupiga, na mshereheshaji. Tulipanga chai iwe saa mbili asubuhi. Mahamri yakagoma kuumuka, mbaazi zikagoma kuiva, chai ya tangawizi maziwa yakakatika ikabidi tuimwage. Tulikaa mkekani inakaribia saa nne. Baba alikuwa ameshameza dawa yake saa moja kama kawaida. Muziki unalia, sisi tunahangaika jikoni, Baba akaanza kulowa jasho, mikono inamtetemeka, akamfokea mjukuu bila sababu, akainuka akaingia chumbani. Mama alimpelekea chai ya sukari akatulia, lakini uani hakurudi. Mshereheshaji huku anamwita kwenye kipaza sauti, "Mzee wetu aje atupe neno!" Hakuja.

Kaka anasema Baba hapendi sherehe, tuachane nayo. Mimi sikubali. Nataka tujaribu tena: tunywe naye chai, tumpigie nyimbo za zamani zake, na atusimulie maisha yake, maana wajukuu hawajui lolote zaidi ya kwamba babu alikuwa reli. Tutakuwa 18, wakubwa 12 na watoto 6. Dada mdogo anataka keki. Kaka wa Muscat anataka awe hewani kwa video muda wote. Na Baba mwenyewe alishasema hayo ni mambo ya wazungu. Tushaurini tafadhali, kuanzia jikoni.

Binti wa Fundi Reli, Tanga

JIBU

Dada yetu, salamu kwako na kwa Mama.

Utatusamehe, jikoni tutafika, lakini tunaanzia kwenye lile jasho. Mtu wa kisukari aliyemeza dawa saa moja, akakaa mpaka karibu saa nne hajatia kitu tumboni, kisha akalowa jasho, akatetemeka, akawa mkali ghafla, na chai ya sukari ikamtuliza: hizo ni dalili za sukari kushuka. Hatukumpima, kwa hiyo hatuwezi kuapa. Ila kabla ya kusema Baba hapendi sherehe, tazameni kwanza boksi la vidonge vyake. Kama ni glibenclamide au gliclazide, au kama anachoma insulini, dawa hizo hushusha sukari hata kama hajala, na chakula kikichelewa ndiyo hatari yenyewe. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Mwulizeni muuguzi wa kliniki yake, wiki moja kabla, dawa ya siku hiyo imezwe saa ngapi. Msimpunguzie wala kumrukisha dozi kwa akili zenu ili ale mahamri.

Na siku yenyewe mtu mmoja, kwa jina, awe na kazi ya kumtazama Baba. Dalili zile zikirudi, apewe mara moja nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida (si ile isiyo na sukari), au vijiko vitatu vya chai vya sukari vikorogwe kwenye maji. Baada ya dakika 15 apimwe kama kipimo kipo, na kama bado apewe tena. Akishakaa sawa, ale. Akilegea hata asiweze kumeza, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Kwa hiyo saa ya chai haipangwi na wapishi wala na muziki. Inapangwa na saa ambayo Baba hula siku zote. Kama ni saa moja na nusu, basi ni saa moja na nusu, na kila kitu kihesabiwe kurudi nyuma kuanzia hapo.

Suala la siku. Siku ya Baba, Jumapili ya tatu ya Juni, ilianzia Marekani kweli. Sherehe ya kwanza ilifanyika mji wa Spokane mwaka 1910 kwa juhudi za Sonora Smart Dodd, binti ambaye baba yake alilea watoto baada ya mama yao kufariki, na ikaja kuwa sheria huko mwaka 1972. Kwetu si sikukuu ya serikali, hakuna anayewalazimisha tarehe. Tunawashauri mfanye Jumamosi. Oman mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili kaka yenu anakwenda kazini kama kawaida. Huenda hilo hamkulifikiria. Halafu mkimwambia Baba, "Jumamosi tunakuja kunywa chai," mmeshamaliza habari ya wazungu. Hakuna haja ya kadi, bango wala maputo. Mambo ya kushtukizana pia acheni: mzee mwenye utaratibu wake akikuta watu 18 uani bila taarifa, nusu ya asubuhi itaishia kwenye kutafuta shati.

Sasa jikoni. Mlijaribu vyakula vitatu, vyote vitatu vikawashinda, na kila kimoja kina sababu yake.

Mbaazi. Kwa watu 18 chukueni kilo moja na robo ya mbaazi kavu. Nunueni za msimu wa karibuni. Zilizokaa ghalani muda mrefu hata mkesha mzima motoni zitabaki na kiini kigumu, na pengine ndizo mlizopata. Zilowekwe mchana wa Ijumaa, kwa muda wa saa nane hivi au zaidi, maji yamwagwe, zichemshwe jioni hiyo hiyo kwa maji mapya mpaka ukibonyeza moja kwa vidole ipondeke bila kubaki kitu. Hapo ndipo muda mrefu unapoliwa, na hapo ndipo mlipochelewa. Nyanya, ndimu au ukwaju visitiwe kabla hazijaiva, kwa sababu uchachu hufanya ganda ligome. Zikishapoa, kwenye friji. Asubuhi kazi inayobaki ni ya dakika 25: nazi tatu kubwa zikunwe na kukamuliwa alfajiri hiyo (tui likilala kwenye joto la Tanga linachacha), tui la pili litiwe kwanza na kitunguu, binzari, chumvi na pilipili nzima isiyopasuliwa, zichemke mpaka zianze kukaukia, kisha tui zito liingie mwisho, moto umepunguzwa, unakoroga bila kuacha mpaka lishike. Ukifunika sufuria na kuondoka, tui linakatika na mafuta yanaelea juu.

Mahamri. Kilo moja na robo ya unga wa ngano itatoa vipande kama 50, vinatosha na vya kubaki. Unga huo hutaka robo kilo ya sukari kasoro kidogo kwa desturi, ila kwa ajili ya Baba tieni gramu 150 tu. Iliki ya kutosha, kijiko kikubwa kimoja cha iliki iliyotwangwa, itafunika upungufu. Tui liwe vuguvugu, la kutumbukiza kidole bila kushtuka. Tui la moto linaua hamira, na mara nyingi unga unaogoma kuumuka hugoma kwa sababu hiyo. Sababu ya pili ni hamira yenyewe iliyokaa wazi kabatini miezi. Ipimeni: kijiko kwenye maji vuguvugu na chembe ya sukari, ikifika dakika kumi haijatoa povu, tupeni.

Kwa kuwa chai ni saa moja na nusu, kandeni usiku, saa nne, kwa hamira kidogo sana: nusu kijiko cha chai kwa unga wote huo. Mkiweka vijiko viwili mlivyozoea na mkalala, mtaamka unga umepanda, umeshuka, unanuka uchachu. Kinyunga kiwe laini, kinakaribia kunata lakini hakinati. Kikiwa kigumu, mahamri hayafuri ndani. Saa kumi na moja na nusu alfajiri gaweni madonge 12 au 13, sukumeni unene wa nusu sentimita, kata kila duara vipande vinne, viacheni juu ya kitambaa chenye unga vipumzike kama nusu saa. Hatua hii ndiyo watu wenye haraka huiruka, kisha wanalalamika kwamba mahamri yametoka kama biskuti. Mafuta yawe moto kiasi kwamba kipande kikitumbukia kinaibuka papo hapo, na hapo hapo mpishi aanze kukimwagia mafuta juu kwa mwiko mpaka kifure. Karai linaloingia saba kwa mkupuo litamaliza vyote 50 kwa nusu saa. Jiko hilo lisipikiwe kitu kingine.

Chai. Maziwa yalikatika kwa sababu ya tangawizi mbichi. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na dawa yake ni moto: tangawizi ichemke kwenye maji peke yake dakika kumi kabla maziwa hayajaingia. Lita tatu za maji, vidole viwili vinono vya tangawizi iliyopondwa, iliki na mdalasini, kisha majani vijiko vikubwa vitano, kisha lita mbili za maziwa, ichemke mara moja na kuepuliwa. Sukari isitiwe sufuriani kabisa. Iwekwe mkekani kwenye bakuli na kijiko, kila mtu ajitilie, na hivyo Baba anakunywa chai ile ile ya watu wote bila kuchemshiwa kikombe cha mgonjwa pembeni.

Hilo la mwisho tulitilie mkazo, maana familia nyingi hukosea hapo. Mzee akiwekewa sahani yake ya peke yake, uji mweupe na yai, huku wenzake wanatafuna mahamri, mmemwambia mbele ya wajukuu kwamba yeye ni mgonjwa. Mbaazi ni chakula kizuri kwa mtu wa kisukari, hupandisha sukari polepole. Sahani yake iwe na mbaazi nyingi, yai la kuchemsha, tango na nyanya, na hamri moja. Moja, siyo nne. Mayai na tango viwe vya watu wote, asionekane ametengwa. Keki ya dada mdogo tungeiacha. Kama moyo wake haujatulia, aioke ndogo ya watoto, iliwe saa tano, na mambo ya kulishana keki mbele ya kamera yasiwepo.

Tuje kwenye muziki, na hapa ndipo tunapotofautiana kabisa na kaka yako mkubwa. Muziki, kula na kusimulia haviwezi kwenda pamoja kwa mtu ambaye sikio limepungua. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za herufi kama s, f na t, ambazo ndizo zinazotofautisha neno na neno. Katika kelele, mzee anasikia kwamba watu wanaongea ila hashiki wanachosema. Akiulizwa swali anajibu kingine, watoto wanacheka, naye ananyamaza. Si ajabu Baba yenu huonekana mkimya zaidi kwenye shughuli kuliko barazani kwake.

Vitenganisheni. Muziki uwepo watu wanapofika na wakati wa kula, kwa chini. Wakati wa hadithi uzimwe kabisa. Hata wa chinichini usibaki. Ukirudishwa, urudi hadithi zikiisha.

Spika ndogo moja ya bluetooth inatosha ua wenu wote. Iwekwe juu ya kiti au kigoda, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, mita mbili mbele ya Baba, isiwe nyuma yake wala chini sakafuni. Zimeni mambo ya kuongeza bezi. Rekodi za zamani zilipigwa studio kwa vipaza sauti vichache na sauti za waimbaji ziko katikati; bezi ya kisasa ikizidishwa inafunika maneno, na mzee anasubiri maneno. Kipimo cha sauti ni rahisi: watu wawili waliokaa kona mbili za mkeka wazungumze kawaida. Wakilazimika kupaza sauti, punguzeni.

Nyimbo zipi? Msiandike "zilipendwa" kwenye simu na kuachia chochote kinachokuja. Kumbukumbu za mtu hushikamana zaidi na nyimbo alizozisikia tangu umri wa miaka 15 hivi hadi 25. Baba amezaliwa 1953, basi miaka yake ni 1968 hadi 1978. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ni wazuri, lakini Salum alifariki 1965, Baba akiwa mtoto. Huo ni muziki wa kaka zake. Nayo bendi ya Mlimani Park ilianza 1978, Baba ameshaingia kazini miaka mitano. Wake hasa watakuwa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za hapo hapo Tanga, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz, Safari Trippers ya Marijani Rajabu. Na msisahau taarabu: Tanga ilikuwa na vikundi vya Black Star na Lucky Star, na Shakila aliimba huko kabla hajaenda Dar es Salaam. Kama Mama alikuwa mpenzi wa taarabu, wekeni tatu au nne zake. Hao wawili walizisikia pamoja.

Orodha msiitunge ninyi watoto. Mwulizeni Mama, na mwulizeni mdogo wake Baba au rafiki yake mmoja: alikuwa anakwenda dansi wapi, bendi gani ilimpeleka ukumbini akiwa na pesa ya kiingilio tu mfukoni. Nyimbo 14 zinatosha, maana za dansi ni ndefu na zina chemko, ile sehemu ya mwisho inayochangamka. Angalieni pia jambo moja ambalo huudhi wazee bila wao kusema: sahani za santuri za enzi hizo zilibeba dakika chache kila upande, hivyo wimbo mmoja uligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Mtandaoni mara nyingi mtu ameweka sehemu ya kwanza tu, inakatika pale pale chemko inapotaka kuanza. Sikilizeni kila wimbo mpaka mwisho kabla ya siku hiyo, tafuteni sehemu ya pili, mzipange zifuatane. Zipakueni zikae kwenye simu au kadi. Mkitegemea intaneti, matangazo yatakatiza, au bando litaisha katikati. Spika ichajiwe usiku, umeme ukikatika msiusubiri.

Sasa hadithi, ambako ndiko hasa mnakotaka kufika.

Ushauri wetu wa kwanza ni kumwalika mtu wa kumi na tisa: mwenzake mmoja wa reli, rika lake, aliye karibu na anayeweza kufika asubuhi. Mzee asiyezungumza na watoto wake atazungumza na mwenzake, na wanawe watasikia. Huyo atasema, "Unakumbuka ule usiku pale Mombo?" na Baba atamrekebisha. Mkipata mtu huyo, nusu ya kazi imekwisha. Mkimkosa, tumieni wajukuu. Babu na mjukuu wana utani wao, na swali ambalo ninyi mkiliuliza ni utovu wa adabu, mjukuu akiliuliza ni mchezo. Mjukuu anaweza kumwuliza babu alikuwa anatembea na nani kwenye dansi, na Mama mwenyewe yuko hapo anacheka. Mkilithubutu ninyi, mtajibiwa kwa jicho.

Swali la "Baba, tusimulie maisha yako" lisiulizwe kamwe. Ni pana mno, halina mahali pa kuanzia, naye atajibu, "Maisha yalikuwa magumu, tumshukuru Mungu," yakaishia hapo. Maswali yawe madogo na ya vitu vinavyoshikika. Mjukuu mmoja amwambie ataje stesheni zote kuanzia Tanga mpaka Moshi bila kuruka: Pongwe, Muheza, Korogwe, Mombo, na kuendelea mpaka Same na Kahe. Fundi wa reli akishaanza kuzitaja, hawezi kumaliza bila kusimama mahali. Mwingine aulize: mshahara wa kwanza ulikuwa shilingi ngapi, ulinunua nini? Siku ya kwanza karakanani ulipewa kazi gani? Nani alikufundisha, na alikuwa mkali kiasi gani? Mtu akiumia kazini ilikuwaje?

Kuna miaka ambayo mtu wa historia yake lazima ana neno. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli la pamoja likagawanyika. Baba alikuwa ndani kwa miaka minne. Treni za kupitia Taveta kwenda Voi zilikuwaje kabla, na wenzake Wakenya walikwenda wapi? Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979: nani wa mtaani kwake alikwenda, nani hakurudi? Miaka ya foleni mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni na sukari mlipataje? Haya ya mwisho Mama ndiye mwenye jibu refu zaidi, mpeni nafasi, na Baba ataingilia.

Kuwe na vitu mkononi. Picha ya zamani, kitambulisho cha kazi, filimbi, spana aliyoitunza, hata tiketi ile ya kadibodi kama ipo. Mpeni akishike mwenyewe. Na mkishauliza, nyamazeni. Watu wengi huona kimya cha sekunde tano wakadhani swali limeshindwa, wakarusha jingine. Hesabuni kimoyomoyo mpaka kumi. Akikosea mwaka msimrekebishe. Tarehe mtazitafuta baadaye. Akirudia hadithi mliyoisikia, mwacheni aimalize, kwa sababu mara ya tatu huwa na kipande ambacho mara ya kwanza hakikuwepo.

Kuna yasiyoguswa asubuhi hiyo: hati ya kiwanja, shamba la Muheza, nani atabaki na nyumba. Watoto watano wakijipanga mkekani na kuanza kumdadisi mzee, kisha mmoja akataja shamba, ataona mmekuja kugawana urithi naye yu hai. Hata kwa nia njema, hapana. Na mshereheshaji abaki kwake, maana mtu wa maneno machache ukimpa kipaza sauti na kumwambia atoe neno, umemtega.

Kurekodi, mwombeni ruhusa kwanza: "Baba, tunaweka simu hapa tusije tukasahau." Akikataa, acheni, mmoja aandike jioni. Akikubali, simu ikae juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 40 hivi kutoka kwake, kipaza sauti kikimwelekea, iwe kwenye hali ya ndege. Simu ikipigwa katikati, rekodi nyingi hukatika kimya kimya na hamtajua mpaka mwisho. Rekodini dakika moja ya majaribio, msikilize kwa spika za masikioni. Feni izimwe au isogezwe mbali, maana sikio lenu limeizoea lakini rekodi itaijaza. Vikombe na visahani viondolewe kabla ya kuanza. Sauti inatosha, video tungeiacha, kwa kuwa mtu akielekezewa kamera usoni huanza kukaa kama yuko studio ya kupigia picha za pasipoti. Dakika 40 ni nyingi. Akianza kujibu kwa neno moja moja, funga. Rekodi iitwe kwa tarehe na jina lake, siku hiyo hiyo iwekwe mahali pawili, na ikitumwa WhatsApp itumwe kama faili.

Kaka wa Muscat asikae hewani muda wote. Video ikikwama kila mtu anageuka kwenye simu, "unanisikia? unanisikia?", na Baba anabaki na maneno mdomoni. Muscat wako mbele yetu saa moja. Apige saa moja na robo asubuhi ya Tanga, kwake saa mbili na robo, amsalimie Baba kwa dakika kumi kabla ya chai, wawili tu, mtu mwingine asidakie. Na siku mbili kabla atume swali lake moja kwa sauti, mjukuu alipige mbele ya babu wakati wa hadithi, kwa spika ile ile ya muziki ili Baba alisikie sawasawa. Jioni atapata rekodi yote.

Kuhusu kaka mkubwa, msimwache akanuna. Mwambieni habari ya sukari kabla ya kitu kingine, aone kwamba si muziki wake uliomfukuza Baba, au si huo peke yake. Kisha mpeni zile nyimbo 14: kuzitafuta, kuzisikiliza mpaka mwisho, kuunganisha sehemu ya kwanza na ya pili, na kukaa karibu na spika ili aizime kwa mkono wake pale mjukuu atakapouliza stesheni ya kwanza.